Kujuana na Kujulishana: Historia ya Msomi na Kazi Katika Nchi Yetu



Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu. Nadhani walitazamia niandike juu ya walimu wetu wa zamani, au juu ya mchakamchaka wa alfajiri na maharage ya bwaloni, mambo ambayo kila mmoja wetu anayakumbuka kwa namna yake. Hayo nawaachia wenye kipaji cha kuchekesha. Mimi nimeonelea niandike juu ya jambo moja lililonisumbua tangu mkutano uliopita.

Siku ile tulipokuwa tukila, kijana mmoja alinijia na sahani yake mkononi. Aliniamkia kwa adabu, akaniuliza nilimaliza mwaka gani na nililala bweni gani, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, hapo ofisini kwenu hakuna nafasi?" Nilicheka. Nikamjibu, "Nafasi hazitoki mfukoni mwangu, mdogo wangu," nikawageukia wenzangu wa rika. Yule kijana akasema "Sawa, kaka," akaenda kukaa kwingine. Sikumwuliza amesomea nini. Sikumwuliza hata jina.

Usiku ule sikulala vizuri. Jibu nililompa lilikuwa la kweli, maana mtumishi wa Serikali hana nafasi za kugawa. Lakini ukweli ule niliutumia kama mlango wa kumfungia nje. Nikajiuliza: hivi wasomi wa nchi hii wamekuwa wakipataje kazi tangu zamani? Na sisi tuliotangulia tulikuwa na wajibu gani kwao? Makala haya ni jaribio la kujibu maswali hayo mawili.

MAKARANI WA TANGA

Wengi hudhani kwamba vyama vya watu waliosoma pamoja ni jambo la juzi tu. Sivyo. Tarehe 24 Machi 1922, mjini Tanga, makarani na walimu Waafrika waliokuwa wakifanya kazi katika Serikali ya Kiingereza walianzisha chama chao. Mwanzilishi alikuwa Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma katika shule ya misheni ya Kiungani. Kilikuwa chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika, na ndani yake walikuwamo Wakristo kwa Waislamu. Hapo watu walikutana, wakasoma magazeti, wakacheza mpira, na wakazungumza juu ya mishahara na vyeo.

Tufikirie hali ya karani wa siku hizo. Alikuwa kijana aliyetoka mbali na kwao. Alijua kusoma na kuandika lugha ya wakubwa, lakini hakuwa na ndugu katika mji aliopelekwa. Nani angemwambia kwamba bomani panatakiwa mkalimani, au kwamba bwana fulani wa reli anatafuta mtu wa kuandika vitabu vya hesabu? Ni karani mwenziwe. Habari ya kazi ilikwenda kwa mdomo, kutoka kwa aliyeko ndani kwenda kwa aliyeko nje, na chama kilikuwa mahali ambapo midomo hiyo ilikutana. Kayamba mwenyewe alipanda cheo mpaka akafika katika ofisi kuu ya Serikali huko Dar es Salaam katika miaka ya 1930.

Mwaka 1929 likaja chama kubwa zaidi huko Dar es Salaam, African Association, rais wake wa kwanza akiwa Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Tunajua chama hicho kilikofikia. Kilikuja kuitwa TAA, na mwaka 1954 kikazaa TANU. Vijana waliosoma Makerere katika miaka ya 1940, akiwamo Julius Nyerere aliyetoka Tabora, waliunda umoja wao hukohuko chuoni kabla ya kuungana na TAA. Kwa hiyo tukisema kwamba Uhuru wetu uliandaliwa kwa sehemu na watu waliojuana madarasani, hatutakuwa tumetia chumvi. Waliosoma pamoja walipashana habari, na kutoka habari za kazi wakafika kwenye habari za nchi.

Lakini tusisahau upande wa pili. Waliokuwa ndani ya duara hilo walikuwa wachache sana. Mtoto wa mkulima ambaye hakupata shule hakuwa na chama cha kumwambia lolote. Tangu siku hizo, kujuana kumekuwa taa kwa wachache na giza kwa wengi, na hilo ndilo tatizo tunalolijadili mpaka leo.

BARUA ILIYOKUNGOJA

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia kule tunakokuita Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Katika miaka hiyo msomi hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1964, uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe. Serikali ililipa gharama za masomo, na mwanafunzi naye alijifunga kwa mkataba kuitumikia kwa miaka mitano baada ya kumaliza. Kamati ilikaa, ikapanga: huyu Hazina, huyu Kilimo, huyu akafundishe Songea. Matokeo ya mtihani yalipotoka, barua ya kazi haikuwa mbali.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alimaliza Mlimani katikati ya miaka ya 1970, akapangiwa Mtwara, mahali ambapo hakuwahi kufika. Alipenda kutusimulia jinsi alivyoshuka na sanduku lake la bati asijue pa kulala, na jinsi mtu mmoja alivyomfuata akamwuliza, "Wewe ndiye kijana wa shule yetu?" Mtu huyo alikuwa amemtangulia shuleni kwa miaka sita. Alikuwa amesikia tu kwamba kuna mgeni anakuja. Alimkaribisha kwake mwezi mzima, akamwonyesha duka la ushirika lenye sukari, akamwambia ni mkubwa gani ofisini asiyependa kucheleweshewa majalada. Baba mdogo alikuwa akisema: "Kazi nilipewa na Serikali. Lakini namna ya kuifanya nilipewa na yule bwana."

Naomba tulishike neno hilo. Katika miaka ile kujuana hakukumpa mtu cheo, maana cheo kiligawiwa na kamati. Kujuana kulimpa mtu mapokezi na maarifa.

Mambo hayakuwa matamu wakati wote. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, ikaamriwa kwamba mwenye kumaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, naye awe na sifa njema kutoka kwa mwajiri wake na tawi la Chama. Sharti hilo lililegezwa baadaye. Lakini lilikuwa na fundisho, nalo ni kwamba cheti peke yake hakimtambulishi mtu. Lazima awepo mwingine aliyemwona akifanya kazi, na aliye tayari kusema alichokiona.

BAHASHA YA KAKI

Mpango ule haukudumu. Bei ya mafuta, vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na uchumi uliokuwa ukidhoofika viliibana Serikali pande zote. Mwaka 1986 tulifikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini huku mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine. Ile barua iliyokuwa ikimngoja msomi ikaacha kuja. Wakati huohuo wasomi wenyewe walianza kuongezeka. Sokoine kilikuwa chuo kikuu mwaka 1984, vyuo vikuu vya binafsi vikaruhusiwa katika miaka ya 1990, na mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Milango ikapungua, wabishaji hodi wakazidi.

Mimi nilimaliza mwaka 2004. Walionitangulia kidogo wanajua ninachosema nikitaja bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa mwanasheria, na picha mbili ndogo. Asubuhi ulipanda daladala mpaka Posta, ukashuka, ukaanza kupita jengo kwa jengo. Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyekuwa afisa wako wa kwanza wa ajira. Akikwambia "acha hapo," uliiacha, ukijua moyoni kwamba huenda karatasi zile zitafungia karanga. Magazeti yenye matangazo ya kazi tuliyasoma tukiwa tumesimama mezani kwa muuza magazeti, mpaka atufukuze.

Ndipo neno kujuana lilipoharibika. Watu walianza kusema kwamba kazi ni kwa kimemo, yaani kile kikaratasi cha mkubwa kinachosema "msaidie huyu kijana." Wengine wakabuni neno la mzaha, undugunaizesheni. Mzaha huo ulikuwa na uchungu ndani yake. Aliyesoma kwa shida, akifaulu kwa jasho, aliona mwenye mjomba akipita mbele yake. Na mwenye mjomba naye, hata kama alistahili, hakuaminiwa tena kwamba alistahili.

GAZETI CHINI YA GODORO

Sasa nafika mahali pagumu, na nimepata ruhusa ya mhusika kabla ya kuandika.

Mwaka ule wa 2004 nilipanga chumba kimoja Sinza pamoja na mwenzangu mmoja. Tulikuwa wote katika shule yetu tangu kidato cha kwanza, yeye akilala kitanda cha chini na mimi cha juu. Wengi wenu mnamjua. Shuleni alinizidi, na Chuo Kikuu alinizidi tena. Tulikubaliana kwamba atakayesikia habari ya kazi atamwambia mwenzake siku hiyohiyo. Sufuria ilikuwa moja, na pasi ya kunyoshea shati la usaili ilikuwa moja.

Mwezi wa Agosti nilikwenda kwenye msiba wa mwalimu wetu mmoja. Mwenzangu hakwenda, alikuwa na homa. Pale msibani nilikaa kwenye mkeka pamoja na mzee mmoja nisiyemjua. Aliniuliza nilisoma wapi. Nilipotaja shule, uso wake ukachangamka. Akanieleza bweni lake, nami nikamweleza langu. Tukiwa tunangojea chakula akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba idara fulani imetangaza nafasi moja ya kazi kwa mtu wa masomo kama yangu, kwamba tangazo lilitoka Jumatatu, na kwamba mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Hakunipa kimemo. Hakuwa hata mtumishi wa idara ile. Alikuwa amelisoma gazeti tu, akakumbuka.

Nililitafuta gazeti lile, nikalilipia. Njiani kurudi Sinza nilikuwa nikihesabu. Nafasi ni moja. Masomo yetu ni yaleyale. Shahada yake ni bora kuliko yangu. Nilipofika nyumbani nilimkuta amelala amejifunika shuka. Nilimpa pole ya homa, nikamweleza habari za msiba, na gazeti nikaliweka chini ya godoro langu.

Alhamisi nilipeleka bahasha yangu. Baada ya miezi mitatu niliitwa kwenye usaili, na mwaka uliofuata nikaanza kazi. Mwenzangu alizunguka mwaka mmoja na nusu zaidi, akafundisha kwa malipo ya vipindi katika shule za watu binafsi, kisha akarudi kwao. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi na anasomesha watoto watatu. Sisemi kwamba angeipata kazi ile. Pengine tungeshindwa wote wawili, akaipata mtu wa tatu. Lakini alikuwa na haki ya kujaribu, na haki hiyo niliilalia.

Baada ya mkutano wetu uliopita, na baada ya yule kijana mwenye sahani, nilimpigia simu mwenzangu nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Gazeti lile nililiona Jumatano, nilipokuwa natandika. Nikangoja uniambie." Nikamwuliza kwa nini hakuomba, maana siku zilikuwa zimebaki. Akasema, "Ningeombaje kwa gazeti lililofichwa?" Nilipomwomba ruhusa ya kuyaandika haya alinijibu, "Andika. Ila usiniandike kama maskini." Basi nimeandika kwamba ana duka, na nathibitisha kwamba ni duka kubwa.

ALIYESEMA MMAREKANI MMOJA

Mwaka 1974, mwanazuoni wa Marekani aitwaye Mark Granovetter alitoa kitabu juu ya jinsi watu wa kazi za kitaalamu na za uongozi katika kitongoji kimoja karibu na Boston walivyopata kazi zao. Aligundua kwamba zaidi ya nusu walizipata kupitia watu wanaowafahamu. Hilo halitushangazi. La kushangaza ni kwamba katika hao waliosaidiwa na watu, kama 17 tu kati ya kila 100 walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Waliobaki walipashwa habari na watu wanaoonana nao mara mojamoja, au kwa nadra sana.

Sababu yake ni nyepesi. Rafiki yako wa karibu anapita njia unazopita wewe, kwa hiyo ajualo unalijua. Mtu wa mbali anapita njia nyingine, na huko husikia usiyoyasikia. Yule mzee wa msibani alikuwa mtu wa mbali. Hatukuwahi kuonana kabla, na hatukuonana tena. Kilichotuunganisha ni jina la shule tu. Ndugu zangu, chama chetu hiki, tunachokiona kama mahali pa kula nyama choma mara moja kwa mwaka, kimejaa watu wa mbali wa namna hiyo, na kila mmoja ana habari ambayo hajui kwamba mwenzake anaihitaji.

SEKRETARIETI NA MASHARTI YAKE

Serikali haikukaa kimya mbele ya malalamiko ya vimemo. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 ilisisitiza ajira ya ushindani, na kwa marekebisho ya mwaka 2007 ikaundwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ili tangazo, mchujo na usaili visimamiwe na chombo kimoja. Leo maombi hupelekwa kwa njia ya intaneti. Usaili huanza na mtihani wa mchujo, na pale kazi inapohitaji huwapo wa vitendo, kisha mahojiano. Anayefaulu akakosa nafasi huweza kuwekwa kwenye kanzidata, akapangiwa baadaye.

Siwezi kusema kwamba shida imekwisha. Mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwezi Aprili 2017 uhakiki wa Serikali ulitoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mambo hayo mawili, tukiyaweka pamoja, yanatuonyesha kwa nini mlango umewekwa walinzi wengi. Wanaobisha hodi ni wengi, na baadhi yao hudanganya.

Kwa hiyo mtumishi wa Serikali anayempigia simu mjumbe wa jopo la usaili ili ambebe kijana wa shule yake anavunja maadili ya kazi, na pia anamwibia mtoto wa mtu mwingine aliyesoma shule ya kata bila chama wala jarida. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye jopo nikaona katika karatasi jina la kijana ninayemfahamu. Nilitangaza uhusiano wangu naye na nikatoka chumbani. Sikujua alivyojibu, na sikuuliza.

Lakini kuogopa kimemo kumetufanya wengi wetu tujifiche. Tukiulizwa neno, tunacheka kama nilivyocheka mimi. Hilo nalo ni kosa. Wakati tunajificha, vijana wetu wanaangushwa na mambo madogo ambayo neno moja lingeyatengeneza. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo hazikubaliwi mahali pa cheti, na bado kijana huzituma. Husema kwamba nakala zithibitishwe, naye hutuma zisizothibitishwa. Jina lake katika cheti cha kuzaliwa ni tofauti na la cheti cha kidato cha nne, naye hana hati ya kisheria ya kubadili jina. Aliyesoma nchi za nje hajapeleka vyeti vyake kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Anatakiwa kutaja wadhamini watatu, anaandika jina la mkubwa fulani ambaye hamjui wala hakuombwa ruhusa. Kijana huyo haangushwi na ujinga wala na hila ya mtu. Hakuwa na wa kumwambia.

TUFANYE NINI

Nimeyapima mambo ya miaka mia moja iliyopita, nami naona kwamba tofauti ni kati ya kujuana na kujulishana. Kimemo hudai kwamba mtu apewe kwa sababu anajulikana. Kujulishana hutaka mtu ajue, kisha apimwe kama wengine. Makarani wa Tanga walijulishana. Yule bwana wa Mtwara alimjulisha baba yangu mdogo. Mzee wa msibani alinijulisha mimi. Mimi ndiye niliyekata mnyororo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne, wenzangu mnaweza kuyapunguza au kuyaongeza.

Kwanza, kila mwanachama anayeona tangazo la kazi lililotolewa hadharani alipeleke kwa katibu wetu siku hiyohiyo, naye alisambaze kwa wote, hata kama nafasi ni moja. Hasa kama nafasi ni moja.

Pili, tuwe na orodha ya kazi zetu. Kijana anayetaka kuwa mkadiriaji majengo ajue ni nani kati yetu anafanya kazi hiyo, aende akamwulize inavyofanywa na mitihani ya bodi inavyokuwa. Asiende kuomba nafasi, aende kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Tatu, anayeombwa kuwa mdhamini akubali tu kwa kijana anayemfahamu, na aseme kweli. Udhamini wa uongo ni kimemo kilichovaa suti.

Nne, tusiyafanye haya kwa vijana wetu peke yao. Tangazo likishasomwa bwaloni, libandikwe pia kwenye ubao wa nje, ambako wasichana na wavulana wa shule jirani wataliona. Habari ya hadharani haipungui kwa kusomwa na wengi.

Yule kijana mwenye sahani nimemtafuta kupitia kwa katibu wetu na nimempata. Amesomea takwimu. Nilimwomba radhi, naye akasema hakukasirika, alikwisha zoea. Hilo la kuzoea ndilo lililoniuma. Barua yake ya maombi tumeisoma pamoja mara mbili, na jina lake la katikati, ambalo limeandikwa namna mbili katika vyeti viwili, linashughulikiwa kwa mwanasheria.

Siku ya mkutano wetu, Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi, patakuwa na meza chini ya mwembe ulio karibu na bwalo. Nitakaa hapo mimi pamoja na mwenzangu wa kitanda cha chini, ambaye amekubali kuja na ambaye macho yake ni makali kuliko yangu katika kusahihisha barua. Vijana waje na vyeti vyao halisi, na siyo hati za matokeo. Wenye magazeti, waje nayo pia.